Aliyeitwa Aitike, Asiyeitwa Adai Kuitwa



Karatasi imeletwa mlangoni. Ina mhuri, ina namba ya shauri, nayo inasema kwamba wewe, mmiliki wa kiwanja fulani, unatakiwa kufika mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa sababu ya kodi ya pango la ardhi ambayo hukuilipa kwa miaka kadhaa. Tumeona wanayoyafanya waamini wengi wanapoipokea samansi ya namna hiyo. Wa kwanza huikunja na kuificha ndani ya kitabu cha sala, wala hata mkewe hamwambii. Wa pili hufunga safari kwenda kijijini kwao mpaka siku ya shauri ipite. Wa tatu humtafuta mtu anayesemekana kuwafahamu wakubwa, akampa fedha bila stakabadhi, akalala usingizi mzuri.

Tume yetu yasema bila kificho kwamba wote watatu wamekosea. Na kwa uwazi uleule yasema kwamba wenye mamlaka nao hukosea wanapochukua kodi ya mtu bila kumwachia mahali pa kujieleza. Makosa haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni kudharau haki ya kusikilizwa.

TUONE

Hofu ya watu wetu haikuanza leo. Utawala wa Wajerumani ulitunga sheria ya kodi ya nyumba mwaka 1897, na asiyekuwa na fedha alilazimika kuilipa kwa jasho lake. Waingereza nao waliendeleza kodi ya kibanda na ya kichwa. Hata baada ya Uhuru, wengi wetu tunaikumbuka kodi ya maendeleo na mgambo waliozingira njia alfajiri, wanaume wakakimbilia mashambani kabla jogoo hajawika. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003, lakini miguu yetu haijasahau kukimbia. Basi mtu akiona mhuri wa Serikali, mawazo yake huenda porini kabla hajasoma mstari wa kwanza.

Lakini samansi si mgambo. Mgambo hukamata, samansi huita. Anayekuita amekiri kwamba unacho kinywa na kwamba lipo neno unaloweza kusema. Mabaraza haya ya wilaya yaliwekwa na sheria ya mwaka 2002, na mwenyekiti hukaa pamoja na wazee wa baraza. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Hakuna tena udhuru kwamba mambo huzungumzwa kwa lugha ya wenyewe.

Tutazame sasa upande wa pili. Kodi ya majengo, ambayo ni tofauti na kodi ya pango la ardhi, tangu Agosti 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 5,000 kwa kila ghorofa mijini. Mwaka 2023 viwango vikapandishwa kuwa shilingi 1,500 na shilingi 7,500. Hapa hakuna karatasi mlangoni, hakuna namba ya shauri, hakuna siku ya kufika. Mama anatuma fedha ya umeme apike na watoto wasome, na kabla taa haijawaka kodi imekwisha kuondoka.

TUPIME

Maandiko yatufundisha nini? Mungu, ajuaye yote, hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumwuliza maswali. Nikodemo, katika sura ya saba ya Injili ya Yohane, aliwauliza wakuu wenzake kama sheria yao humhukumu mtu pasipo kumsikiliza kwanza. Naye Mtume Paulo, alipoletwa mbele ya Festo, hakutoroka wala hakutoa hongo, ingawa liwali Feliki alikuwa ameitazamia. Alisimama, akajitetea, akakata rufani kwa Kaisari. Mkristo anayekimbia baraza amemwacha Paulo peke yake.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(a), inakubaliana na mafundisho hayo. Haki na wajibu wa mtu vinapohitaji kuamuliwa, mtu huyo anastahili kusikilizwa kwa ukamilifu na kupewa nafasi ya rufani. Nayo ibara ya 138 yakataza kutozwa kodi yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria.

Asije mtu akadhani tunawafundisha waamini kukwepa kodi. La hasha! Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, uliwakemea wanaokwepa kodi halali kwa hila. Barabara, zahanati na mitaro ya mvua havijengwi kwa maneno matupu. Lakini Papa Yohane wa 23 alikwisha kufundisha mwaka 1961 kwamba mzigo wa kodi hauna budi kulingana na uwezo wa mlipaji. Basi tupime kwa mizani hiyo. Jumba pana lisilo na ghorofa, lenye bustani na mlinzi getini, limo katika kundi la nyumba ya kawaida sawasawa na nyumba ya vyumba viwili ya muuza mboga. Wote wawili hukatwa shilingi 1,500. Je, huo ndio uwiano wa uwezo?

Kisha mtazame mpangaji. Sheria yamtaja mmiliki kuwa ndiye mdaiwa, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Aliambiwa apatane na mwenye nyumba warudishiane. Nani asiyejua jinsi mapatano hayo yanavyokwisha? Mwenye nyumba husema, «Usiporidhika, vyumba viko vingi mjini.» Mpangaji amelipa deni lisilo lake, wala hapana baraza lililomwita kumwuliza kama ni lake.

Mtazame na mzee. Aliyetimiza miaka 60 alikusudiwa kusamehewa, kwa masharti yaliyowekwa, kodi ya nyumba moja anayoishi mwenyewe. Lakini mita haiulizi umri. Ni juu ya mzee kubeba vitambulisho vyake, kupanda daladala na kwenda kuomba aondolewe. Asiyejua habari hiyo, au asiye na nguvu ya kwenda, ataendelea kukatwa mwezi hata mwezi. Msamaha usiomfikia anayesamehewa umebaki karatasini.

Tunajua jibu la wakubwa. Watasema kwamba njia hii ni nyepesi, kwamba imefunga mianya ya rushwa, na kwamba hakuna anayenyang'anywa nyumba kwa shilingi 1,500. Katika hayo upo ukweli, nasi hatuukatai. Mgambo hawarudi tena alfajiri, na hilo ni jema. Lakini wepesi wa mkusanyaji si kipimo cha haki ya mlipaji. Mwizi naye huona wepesi pale mlango unapokuwa wazi. Hatusemi Serikali ni mwizi. Twasema kwamba urahisi wa kuchukua haujawahi kuhalalisha kuchukua. Kama mwenye deni la miaka kumi la pango la ardhi huitwa na kusikilizwa, kwa nini asiitwe bibi kizee anayekatwa fedha asiyodaiwa?

TUTENDE

Kwanza, aliyeitwa aitike. Soma hati yote: namba ya shauri, kiwanja kinachotajwa, miaka inayodaiwa, siku na mahali. Kusanya stakabadhi zako, hata zilizochakaa. Uliza deni la msingi ni kiasi gani na riba ni kiasi gani. Kama ulinunua kiwanja kwa mtu mwingine, lete hati ya mauziano na uulize ni miaka ipi ya deni iliyo ya kwako. Kama deni ni la kweli, likiri mbele ya baraza na uombe kulipa kwa awamu. Kama si la kweli, likane kwa ushahidi. Ukiugua, peleka taarifa pamoja na cheti cha daktari kabla ya siku ya shauri.

Usipofika, shauri laweza kusikilizwa upande mmoja, na neno la mdai likabaki peke yake. Hapo utamwona dalali wa mahakama akiipima nyumba yako kwa macho. Ikiwa amri imekwisha kutolewa bila wewe kuwapo, rudi barazani upesi ukaombe itenguliwe, na ueleze sababu ya kutofika. Kumbuka kwamba mwaka 2022 Serikali ilitoa nafasi ya kusamehewa riba ya malimbikizo ya pango la ardhi. Waliojitokeza walipata nafuu. Waliojificha walibaki na mzigo wao.

Pili, usimpe mtu yeyote fedha mkononi. Malipo halali yana namba ya kumbukumbu na stakabadhi. Anayekuambia atalimaliza jambo kimyakimya anakuuzia kimya, na kimya hakifuti deni.

Tatu, viongozi wa walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo wasimwache ndugu aende peke yake. Mjane akiitwa, watu wawili wamsindikize. Watafuteni wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Kazi yao ni kuwasaidia wasio na uwezo. Kila jumuiya iandike orodha ya wazee wake waliotimiza miaka 60 na bado wanakatwa kodi, na kijana mmoja apewe jukumu la kuwapeleka ofisini wakaondolewe.

Nne, asiyeitwa adai kuitwa. Twawataka madiwani na wabunge wetu, wengi wao wakiwa wabatizwa wenzetu, waeleze hadharani ni wapi katika kata mpangaji au mzee aliyekatwa kimakosa ataweza kulalamika, kusikilizwa na kurudishiwa fedha yake. Lisipokuwapo dawati hilo, waliweke. Na wapimwe kwa jibu lao siku watakaporudi kuomba kura.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Ni nani katika jumuiya yetu ameficha karatasi kwa aibu, nasi tumefanya nini ili asione aibu kutuambia?

2. Wale miongoni mwetu wenye nyumba za kupangisha: tumewarudishia wapangaji wetu kodi waliyotulipia? Kama hatukuwarudishia, twawezaje kuidai haki kwa Serikali?

3. Ni mzee gani tutakayemsindikiza wiki hii?