Kiolezo cha Hati na Mamlaka juu ya Uandishi wa Kitaaluma wa Kiswahili

Ni jambo la kawaida katika idara za Kiswahili kwa mtahiniwa wa shahada ya uzamili kukabidhiwa karatasi ya mwongozo: pambizo ziwe na upana huu, fonti iwe ya ukubwa huu, tanbihi zikae chini ya ukurasa. Mtahiniwa huutii mwongozo huo kwa kadiri awezavyo, kisha msimamizi hutumia saa ambazo zingefaa kujadili hoja akirekebisha vichwa vya sura. Makala haya yanashikilia kuwa mwongozo wa aina hiyo haupaswi kubaki kwenye karatasi. Mahali pake ni katika kiolezo cha hati, na uamuzi kuhusu kitakachowekwa humo ni wa kiisimu kabla ya kuwa wa kiufundi.

Kiolezo ni faili ambalo programu ya kuandikia hulifuata kila inapofungua hati mpya. Katika Microsoft Word, hati isiyopewa kiolezo maalumu hurithi sifa za faili liitwalo Normal, lililokuwa la aina ya .dot hadi toleo la 2003 na la aina ya .dotm tangu toleo la 2007. LibreOffice nayo hutumia mafaili ya .ott. Humo hukaa pambizo na, zaidi ya yote, mitindo: wa matini ya kawaida, wa kichwa cha sura, wa dondoo refu, wa tanbihi. Jambo ambalo aghalabu husahauliwa ni kwamba mtindo hubeba pia jina la lugha.

Athari za usahaulifu huo si ndogo. Hati ikianza maisha yake ikiwa imetajwa kuwa ya Kiingereza, kikagua tahajia hupigia mstari mwekundu karibu kila neno. Huyaacha lake, wake, pole na mate, si kwa kuwa kinayajua kuwa ya Kiswahili, bali kwa kuwa Kiingereza nacho kina maumbo hayo. Mwandishi huchoka, hukizima kikaguzi, na tangu hapo hata makosa halisi hupita bila kuonwa. Ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari, ukiwashwa, nao hufuata kanuni za Kiingereza, hivyo ng'ombe laweza kukatwa ng'om-be ilhali silabi zake ni ng'o-mbe. Irabu i, ikisimama peke yake katika makala ya fonolojia, hugeuzwa kuwa herufi kubwa kwa sababu Kiingereza huandika hivyo kiwakilishi chake cha nafsi ya kwanza. Yote hayo ni matokeo ya chaguo moja ambalo hakuna mwanaisimu wa Kiswahili aliyelifanya.

Kwa hiyo wanaodai kuwa kiolezo cha idara kitamfunga mwandishi wanakosea mahali pa kuanzia. Mwandishi amekwisha kufungwa. Anaandika ndani ya kiolezo kilichotungwa na watu wasiomjua, kwa ajili ya barua za ofisi za nchi nyingine. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, na menyu za programu zikasomeka kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini menyu za Kiswahili juu ya hati iliyotajwa kuwa ya Kiingereza ni kazi iliyoishia nusu njia.

Kiolezo kinachofaa kingetaja Kiswahili kuwa lugha ya mtindo wa msingi, ili mitindo mingine yote iirithi. Orodha za masahihisho ya papo kwa papo hufungamanishwa na lugha. Hivyo matini iliyotajwa kuwa ya Kiswahili hutoka katika himaya ya orodha ya Kiingereza. Dondoo za Kiingereza, ambazo hazikosekani katika tasnifu, zingepewa mtindo wao wenye lugha yao. Na faili hilo liwe la pekee, si Normal iliyobadilishwa: anayebadili Normal katika kompyuta ya maabara huwabadilishia wote watakaoitumia baada yake.

Hata hivyo, kiolezo hakiponyi kila kitu, na wapo wanaokisifu kupita kiasi. Baadhi ya mipangilio hukaa kwa mtumiaji mwenyewe, si katika kiolezo. Ndiyo hiyo inayofanya neno lifuatalo kifupisho taz. lianze kwa herufi kubwa, na jedwali la ngeli lijae Ki- na Vi- mahali pa ki- na vi-. Ndiyo pia inayozigeuza sentensi za mifano zenye namba katika mabano kuwa orodha inayojihesabu yenyewe. Ritifaa ina balaa lake: iliyonyooka na iliyopinda ni alama mbili tofauti kwa kompyuta, na mtafiti wa korpasi asiyezisawazisha kwanza atahesabu ng'ombe kuwa maneno mawili. Mambo haya yahitaji ukurasa mmoja wa maelekezo unaoambatana na kiolezo. Huo ndio mwongozo wa karatasi unaostahili kubaki.

Lipo pia suala la Kiswahili kipi. Namba 1089, ambayo Microsoft iliipa lugha hii, imefungamanishwa na Kenya. Idara ya Zanzibar au ya Morogoro itakayoandaa kiolezo italikuta jambo hilo mlangoni. Kwa tahajia sanifu tofauti ni ndogo. Kwa istilahi, pale ambapo mmoja huandika tarakilishi na mwingine kompyuta, si ndogo hata kidogo. Suala hilo halina budi kufikishwa katika kikao cha idara kabla ya faili kusambazwa kwa watahiniwa, badala ya kuachiwa fundi wa maabara.