Goma: Watoto wacheze ngoma, lakini si kwa njaa na si bure

Wazazi wengi waliokimbia vita Masisi na Rutshuru wananiuliza swali moja: mtoto wangu ameingia katika kundi la ngoma, je, nimwache au nimkataze? Swali hili nalisikia zaidi tangu mwanzo wa mwaka 2025, wakati kambi za kandokando ya Goma zilipobomolewa. Kuna familia zilizorudi vijijini, na kuna nyingine zilizoingia mitaani, kwa jamaa au katika vyumba vya kupanga. Na huko mitaani makundi hayakosekani. Kuna bale za asili, kuna intore, kuna kwaya zenye wachezaji, kuna vijana wa hip-hop wanaoruka kichwa chini kando ya barabara.

Kwa upande wangu, jibu ni: mwache aende. Najua wako wanaosema ngoma ni upuzi wakati watu wanalala chini. Lakini mtoto aliyehama hana anayemjua mtaani. Katika kundi anapata marafiki, anaitwa kwa jina lake, ana saa ya kufika na saa ya kurudi. Tena ngoma ni kazi kama kazi nyingine. Faustin Linyekula, aliyekulia Kisangani, alianzisha Studios Kabako mwaka 2001, na kazi yake ya kucheza imefika katika majumba makubwa ya Ulaya. Hapa kwetu, tangu mwaka 2014, Festival Amani imewapandisha wachezaji wa Goma jukwaani mbele ya maelfu ya watu.

Lakini kumwacha aende si kumtupa. Ninayoyaona katika makundi mengine hayanifurahishi.

Nianze na pesa, kwa sababu hapo ndipo watu wazima wananyamaza. Kundi linaitwa kwenye harusi, au siku wageni wakubwa wanapotembelea mtaa. Watoto wanacheza kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa, wanapewa soda moja na biskuti, wanarudi kwa miguu. Mama akiuliza, anajibiwa: « Mama, tunawafundisha bure, ungetushukuru. » Hapana. Mwalimu ana haki ya kulipwa, tena vizuri, kwani yeye ndiye anayenunua njuga na kutengeneza ngoma zikipasuka. Lakini ikiwa aliyewaita ametoa dola 50, wazazi wajue ni dola 50. Daftari moja linatosha: tarehe, nani alituita, alitoa kiasi gani, kiasi gani kilikwenda kwenye mavazi, kiasi gani kwa mwalimu, kila mtoto alipata nini. Hata franka 2 000 kwa mtoto ni kitu, mradi zimetolewa mbele ya watu. Mwalimu mwenye daftari hatakuwa na kesi na wazazi, na mimi nimesikiliza kesi hizo nyingi kwa chefu wa avenue.

Halafu mwili. Goma tunaishi juu ya mawe ya volkano, na intore bila kupiga mguu chini si intore. Mtu mzima anavumilia. Mtoto wa miaka 11 mifupa yake bado inakua. Walimu, tafuteni majani au udongo laini, hata kama ni mbali kidogo. Kutandika shitingi juu ya simenti hakusaidii kitu, inateleza tu. Wale wa hip-hop, kuruka kinyumenyume mnajifunzia mchangani, si kwenye lami.

Kabla ya kucheza, watoto watembee, wakimbie polepole, wazungushe mikono na viuno kwa dakika kumi. Kunyoosha misuli sana kunafaa mwishoni, mwili ukiwa na moto. Na ile tabia ya mwalimu kukandamiza mgongo wa mtoto ili miguu ipanuke hadi chini, iachwe kabisa. Mtoto akilia, mwalimu hajamfundisha, amemuumiza.

Mtoto wa kati ya miaka 10 na 15 akilalamika maumivu chini ya goti, pale penye kifupa kilichotokeza, msimwite mvivu. Mara nyingi ni mfupa unaokua na kuvutwa na msuli. Apunguze kuruka kwa wiki kadhaa, aendelee na mikono na nyimbo. Akitegua mguu, siku ya kwanza asikandwe na mtu yeyote. Aweke kitambaa cha maji baridi, afungwe bila kubanwa sana, alale mguu ukiwa juu. Ikiwa hawezi kutembea hatua nne kwa mguu huo, ni kituo cha afya siku hiyohiyo, kwani huenda umevunjika.

Chakula je? Mtoto ambaye hajakula tangu jana hawezi kucheza saa mbili juani. Mwalimu aulize kabla ya kuanza, kwa upole na pembeni, si mbele ya wenzake. Kikombe cha uji kwa kila mmoja kinaweza kutoka katika pesa zile za daftari. Maji yawe yametiwa dawa, na kila mtoto awe na chupa au kikombe chake, kipindupindu tunakijua. Mavazi ya kupokezana yafuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Mpox, iliyoingia katika kambi za Goma mwaka 2024, inapita kwa kugusana ngozi na pia kwa nguo. Mwenye vipele akae nyumbani na apelekwe kupimwa.

Wasichana wasirudi giza likiingia, na asibaki hata mmoja peke yake na mwalimu eti kwa mazoezi ya ziada. Kuhusu hili sina mjadala.

Jambo lingine ni simu na kamera. Wageni wanapenda kupiga picha watoto wa wakimbizi wakicheza. Kuna familia zilizokimbia watu wanaozitafuta hadi leo, na video ya sekunde thelathini inaonyesha uso wa mtoto na mtaa anaokaa. Mzazi anaweza kukataa, na kukataa kwake kusimfanye mtoto aondolewe kundini. Acheze siku hiyo mstari wa nyuma.

Wazazi, makundi mengi hufanya mazoezi Jumamosi mchana na Jumapili baada ya ibada. Nenda ukae pembeni nusu saa, hata kama una bidoni ya maji mkononi. Tazama watoto wanacheza juu ya nini, wanasemeshwa namna gani, nani anakunywa na nani hanywi. Ikiwa mwalimu hataki wazazi watazame, shika mkono wa mtoto wako mrudi nyumbani. Kundi lingine haliko mbali.