WATOTO WAFUNDISHWE MAJANA

Mkoa wetu wa Katavi una sifa ya asali, hasa huko Inyonga. Lakini watoto wetu wengi wanaijua asali tu. Nyuki azaliwavyo hawajui.

Sisi tunasema hivi: mwalimu amwombe mzee mrina asali alete shuleni kipande cha sega lenye majana. Watoto waone kwa macho yao kwamba malkia hutaga yai. Baada ya siku tatu yai huwa buu. Buu hulishwa, hufunikwa kwa nta, huwa bundo. Na kwa muda wa wiki tatu hivi hutoka nyuki kamili wa kazi.

Kwa nini twasisitiza? Kwa sababu mtu arinaye kwa moto ovyo huchoma majana, ndio nyuki wa kesho, na pengine huunguza na miombo yetu. Mtoto aliyefundishwa mapema atarina kwa akili.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule isitengane na maisha ya kijiji. Kipande cha sega hakingoji fedha ya Serikali. Walimu na wazee wa Mpanda, tuanze sasa!