Si Kila Anayecheka Anadharau



Jioni moja, katika darasa la watu wazima wilayani Kilosa, mzee mmoja alisimama kusoma ubaoni. Paliandikwa: "Juma analima shamba." Yeye akasoma: "Juma analima simba." Mama mmoja aliyekaa mbele akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mzee alichukua fimbo yake, akaenda zake. Kwa wiki mbili hakuonekana darasani.

Wanakisomo wenzake walimlaumu yule mama. Walisema ana dharau. Nilipomwuliza, alinijibu kwa sauti ndogo: "Mwalimu, zamu yangu ilikuwa inafuata. Niliogopa."

Jibu hilo lina fundisho. Si kila kicheko hutokana na furaha. Hofu, aibu na huzuni pia huleta kicheko. Mfikirie mkulima wa Mikumi aliyenusurika na tembo shambani usiku. Akifika nyumbani anasimulia huku anacheka, na mikono bado inatetemeka. Je, amefurahi kukutana na tembo? La. Mwili wake unatua mzigo wa hofu.

Jambo la namna hii limewahi kuwapata watu wengi kwa pamoja hapa nchini. Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Baadaye wanafunzi 95 kati ya 159 walishikwa na hali hiyo. Walicheka, tena walilia. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudi kwao, kicheko kikafika na kijijini Nshamba. Madaktari waliwapima, wasikute ugonjwa wala sumu. Waliona ni wasiwasi ulioambukizana. Watoto wale hawakuwa wakorofi.

Labda utasema: "Mbona msibani watani hucheka?" Ni kweli. Lakini mtani anacheka kwa desturi, na wafiwa wanajua hivyo. Wewe usiye mtani, kicheko kikikutoka msibani, wafiwa wataumia.

Ufanye nini basi? Ukisikia kicheko kinakuja, vuta pumzi polepole, uitoe polepole. Tazama chini. Usitazamane na mwenzako anayecheka. Kikizidi, toka nje kwa adabu.

Kisha rudi useme: "Nisamehe, ndugu yangu. Sikukucheka wewe. Niliingiwa na hofu." Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunaona aibu, tunanyamaza. Kwa maoni yangu, kucheka bila kutaka si kosa. Kosa ni kumwacha mwenzako na jeraha bila kumwambia neno.

Na wewe uliyechekwa, usikimbilie hasira. Uliza kwanza. Ukiacha kisomo kwa sababu ya kicheko cha mtu mmoja, anayepata hasara ni wewe.

Yule mama alikwenda kwa mzee, akapiga hodi, akaomba radhi. Mzee alimsikiliza, kisha akasema: "Kumbe tuliogopa sote wawili, mwanangu!" Kesho yake walikuja darasani pamoja. Mzee alisoma: "Juma analima shamba." Mama akasimama kusoma baada yake.

Tujadiliane: Je, umewahi kucheka mahali pasipofaa? Ulimwambia nini yule uliyemwumiza?