Kupaka Rangi Mtumbwi Wako kwa Fedha Kidogo

Watu wengi wakaao katika Delta ya Rufiji, Kisiwa cha Mafia, Pemba na mahali pengine pa pwani ni wakulima kwanza, na wavuvi baadaye. Kwao mtumbwi ni chombo cha kilimo kama jembe lilivyo: ndio uchukuao mbegu kwenda shambani, mpunga na nazi kwenda sokoni, na mara nyingi mama na watoto pia. Lakini kila mwaka baada ya mavuno naona fedha za mpunga zikinunua rangi nzuri ya buluu au nyekundu, nayo ikipakwa upesi juu ya ubao ambao haujakauka, kutoka omo hata tezi, juu na chini. Kabla masika hayajarudi, rangi imefanya malengelenge na kubanduka. Mwenye mtumbwi huilaumu rangi, au humlaumu mwenye duka.

Maoni yangu ni haya: mwenye fedha kidogo asinunue rangi ya kupaka sehemu ikaayo majini. Rangi aipake juu ya mstari wa maji tu. Chini aweke shahamu, ambayo wengine huiita deheni, kama walivyofanya mabaharia wa pwani hii tangu zamani.

Sababu yenyewe ni mdudu. Katika maji ya chumvi, na hata katika maji ya mikoko ambamo mto na bahari huchanganyika, yuko mdudu laini kama mnyoo, ambaye kwa asili ni wa jamii ya chaza. Huingia katika ubao akiwa mdogo mno, kwa tundu ambalo ni shida kuliona, kisha hukua humo ndani na kuchimba njia yake. Kwa nje mtumbwi waonekana mzima. Ndani umekuwa kama sega la nyuki. Mwembe, upendwao kwa kuwa mti wake ni laini kuchonga, huliwa upesi. Rangi ya mafuta ya kupakia milango haimzuii mdudu huyu, maana mtumbwi ukiburutwa mchangani mara chache tu rangi hukwaruzika, na mlango umekwisha kufunguliwa. Tena yaleta hasara ya pili. Dawa ya mdudu aliyekwisha kuingia ni kuukausha mtumbwi na kuupiga moto wa makuti, na mtumbwi uliopakwa rangi chini haupigwi moto, kwa kuwa rangi huwaka na moshi wake ni sumu.

Mimi mwenyewe nilipata kudanganywa na rangi. Nilinunua mtumbwi wa kijani, mpya kwa macho, nikavuka nao mara tatu pamoja na magunia ya mpunga na watu wa nyumbani mwangu. Siku moja, ulipokuwa umepinduliwa pwani, niliugonga kwa mpini wa panga nikasikia sauti kama ya ngoma. Msumari niliingiza kwa kidole. Tangu siku ile sinunui wala sipaki mtumbwi wowote kabla ya kuugonga kila shubiri, na nakuomba nawe ufanye vivyo hivyo. Pakiwa na uozo, fedha za rangi zimpeleke fundi kwanza.

Sasa kazi yenyewe. Wakati bora ni Julai na Agosti, mvua zimepita na mpunga umekwisha kuvunwa. Uvute mtumbwi mahali ambapo hata bamvua halifiki, uulaze juu ya magogo, uuoshe kwa maji ya kisima mara mbili au tatu. Usiseme kwamba maji ya bahari yatatosha. Chumvi ikibaki ubaoni huvuta unyevu wa hewa, na rangi haitashika.

Kisha kwangua rangi ya zamani. Hapa nataka uangalifu mkubwa. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, ambayo hudhuru akili ya mtoto. Basi lowesha rangi kabla ya kuikwangua, ili vumbi lisiruke. Tandika turubai chini. Watoto na kuku wasikaribie. Na mabaki usiyachome wala usiyatupe shambani. Ubao wenyewe, rangi ikiisha kutoka, waweza kusuguliwa kwa majani ya msasa kama huna fedha za karatasi yake. Ndio mti ulioipa karatasi ile jina.

Kukausha ndiko kuliko kugumu, maana mtumbwi wa gogo moja ukianikwa juani hupasuka. Uweke chini ya mwembe au banda la makuti, upepo upite, kwa muda wa majuma mawili au zaidi. Ukitaka kujua kama umekauka, bandika kipande cha nailoni juu ya ubao tangu asubuhi hata jioni, kingo zake zikiwa zimezibwa. Ukikuta matone ya maji chini yake, ngoja. Najua kungoja ni kuchungu wakati ambapo jirani anakuomba mtumbwi kila siku. Lakini juma moja la subira halina bei, na rangi ina bei.

Kabla hujaenda dukani, pima. Mtumbwi wa urefu wa mita 6, ambao kamba ikipitishwa chini ya tumbo kutoka ukingo hata ukingo ni mita 1.8, ni kama mita za mraba 10.8. Toa robo, kwa kuwa umechongoka omo na tezi, zabaki 8. Lita moja ya rangi ya mafuta juu ya mti usiolainishwa sana hutosha eneo kama hilo mara moja, na mikono miwili ya rangi hutaka lita 2. Ukipaka juu ya mstari wa maji tu, ambayo ni nusu, lita moja yatosha. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, ukitiwa thina kidogo kama ilivyoandikwa koponi. Usitie mafuta ya taa, maana huchelewesha kukauka. Na oili chafu ya gari usiipake popote: rangi haitashika tena juu yake, na mpunga wako utanuka.

Shahamu hufanywa kwa mafuta ya ng'ombe au ya mbuzi yaliyoyeyushwa, yakatiwa chokaa laini iliyochekechwa, kidogo kidogo, hata ikawa nzito ya kupakika. Upige mtumbwi moto wa makuti chini ya tumbo kabla hujapaka rangi ya juu, moto upite upesi, ubao upate joto pasipo kuungua, na ndoo ya maji iwe karibu. Shahamu hupakwa mwisho, rangi ikiisha kukauka. Chokaa hula ngozi na macho, basi vaa mifuko mikononi.

Vijana huniambia kwamba hayo ni mambo ya wazee, na kwamba iko rangi ya shaba iuzwayo kwa ajili ya vyombo vya baharini. Ni kweli, na mwenye mashua kubwa ikaayo nangani siku zote ainunue. Lakini ni ghali, na mtumbwi upandishwao pwani kila jioni hauihitaji. Kopo la zamani lisilo na maandishi liache kabisa: rangi za namna hiyo zenye sumu ya bati zilikatazwa kwa mapatano ya mataifa ya mwaka 2001, yaliyoanza kutumika 2008, kwa kuwa ziliharibu chaza na konokono wa bahari. Sikufichi kwamba shahamu ni kazi, maana yataka kurudiwa kila miezi miwili au mitatu.

Mstari wenyewe utaupata hivi. Siku ya maji matulivu, kabla ya kuanza kazi yote, pakia mzigo wako wa kawaida na watu wako, uweke alama ya makaa pale maji yafikapo, kisha upandishe alama vidole vinne. Hapo ndipo rangi ikome na shahamu ianze. Na siku ya kuvuka, magunia yakiuzamisha mstari huo, teremsha moja kabla hujasukuma mtumbwi, hata ikiwa mwenye gunia amekwisha kulipa nauli.