Kiwanja cha bei nafuu kinaweza kumlaza mtoto wako hospitali

Wiki iliyopita nilimpokea mtoto wa miaka mitatu, macho yameingia ndani na midomo imekauka. Alikuwa anaharisha damu, na ilikuwa mara ya tatu ndani ya miezi minne. Wazazi wake ni watu wasafi na wenye bidii. Baba anafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, mama anashona nguo. Kwa miaka tisa walipanga vyumba viwili hapa Kirumba, na mtoto wao mkubwa alikulia humo bila kulazwa hata siku moja. Mwaka jana walihamia kwao: nyumba ya vyumba vitatu nje ya mji, yenye uwanja wa kutosha na migomba uani.

"Maji mnatoa wapi?" nilimuuliza mama.

"Tuna kisima chetu, dokta. Tulikikuta hapo hapo."

"Na choo?"

Alifikiri kidogo. "Kama hatua kumi na tano hivi. Cha jirani ndiyo kiko karibu zaidi, yeye yuko juu yetu."

Mtoto alipewa matibabu na sasa anaendelea vizuri. Lakini siku ya kutoka wodini baba aliniuliza swali ambalo sikulisomea chuoni: "Dokta, sasa tuuze?" Akiba yao yote ya miaka tisa iko pale.

Naandika kwa ruhusa yao, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha wasitambulike. Naandika kwa sababu najua wasomaji wengi mko mbioni kutafuta kiwanja Kiseke, Buswelu, Kishiri au Buhongwa. Mnauliza bei, mnauliza kama kimepimwa, mnauliza lami iko umbali gani. Ni maswali ya maana. Ila mimi nadhani yapo mengine manne ya kuuliza kabla ya hayo.

La kwanza: mvua ikinyesha, maji yanapita wapi? Dalali anakupeleka Julai au Agosti, bonde limekauka na upepo unavuma vizuri. Rudi hapo Aprili, masika yakiwa yamekolea. Kama huwezi kusubiri, soma dalili: matete yaliyoota peke yake, mchanga uliokusanyika kwenye kona ya ukuta, alama ya tope kwenye nyumba za majirani. Muulize bibi anayeuza mboga jirani na hapo, yeye hana kamisheni. Maji yanayosimama ni mazalia ya mbu wa malaria, na yanapoingia vyooni hubeba kinyesi hadi mlangoni kwako.

La pili: choo kiko wapi, na kisima kiko wapi? Kisima kikae angalau mita 30 kutoka kwenye shimo la choo, na kiwe upande wa juu wa mteremko. Usipime choo chako tu, pima na cha jirani. Mwanza tuna tatizo la ziada. Mji wetu umekaa juu ya mawe. Udongo ni haba, mashimo hayaendi chini, na maji machafu yakikuta ufa kwenye mwamba husafiri mbali kuliko tunavyodhani. Kuharisha damu, homa ya matumbo na kipindupindu vyote hupita njia hiyo moja. Maji ya kisima yanaweza kuwa maangavu kabisa na bado yakamwangusha mtoto. Kwa hiyo kiwanja chenye bomba la mamlaka ya maji, hata kama ni kidogo, kwangu kina thamani kuliko eka nzima yenye kisima cha mashaka.

La tatu ni kwa wanaopenda kuliona ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na mwaka 2020 tuliona jinsi ziwa linavyoweza kupanda na kudai eneo lake. Lakini sababu yangu ni ya kitabibu. Kwenye maji ya kina kifupi, penye magugu, wanaishi konokono wanaobeba kichocho. Kijidudu hupenya kwenye ngozi ndani ya dakika chache tu mtoto anapoogelea au kuchota maji. Kichocho cha huku kwetu hukaa kwenye utumbo na ini, na miaka mingi baadaye mtu mzima anaweza kuja anatapika damu. Dawa ipo, ila haimzuii mtoto kuambukizwa tena jioni ya pili. Ukiishi karibu na ziwa, jiulize watoto watacheza wapi.

La nne: saa nane usiku utatokaje? Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili asipopata huduma. Kama gari haliingii, daraja linafunikwa na mvua, na bodaboda wanagoma kuja usiku, zile ekari hazitamsaidia. Safari ya kutoka kiwanjani hadi kituo cha afya chenye huduma ya usiku ifanye mwenyewe, gizani, kabla ya kulipa.

Kuna atakayesema, "Dokta, kwani Kirumba ndiyo peponi?" Hapana. Nimewatembelea watu milimani, kule ambako mgonjwa hubebwa mgongoni kati ya mawe hadi barabarani. Huku chini kuna nzi, makelele ya baa na moshi wa magari. Lakini wale wazazi walipokuwa wapangaji walikuwa na bomba, na Hospitali ya Sekou Toure haikuwa mbali. Walivihama vitu hivyo viwili bila kujua kuwa ndivyo vilivyokuwa vikiwalinda.

Wala si haki kuwaachia wanunuzi mzigo wote. Mtu mwenye fedha kidogo hununua panapobaki, na panapobaki mara nyingi ni bondeni. Halmashauri zetu, Ilemela na Jiji, zinapopima viwanja zinajua maji yanapita wapi. Eneo la mkondo lisikatwe kiwanja. Na pale ambapo watu wameshajenga, bomba lifike kabla ya taa za barabarani.

Nilimjibu yule baba kwamba asiuze kwa hasira. Maji ya kunywa na ya kupigia mswaki yachemshwe hadi yatokote, au yawekwe dawa ya maji kwa kipimo. Kile kisima kibaki cha kufulia na kumwagilia migomba. Paa walilonalo linatosha kuvuna mvua, wanunue tanki kabla ya sofa. Aende kwa mwenyekiti wa mtaa na majirani waombe bomba kwa pamoja, na wakati huo huo azungumze kistaarabu na jirani wa juu kuhusu lile shimo. Ikifika masika ijayo maji yakaingia uani, hapo tutaongea habari ya kuuza.

Alicheka kidogo, akasema angeuliza haya mapema. Wewe ambaye hujalipa bado, una nafasi ambayo yeye hakuwa nayo. Itumie.