Tukaze Mabati Kabla ya Upepo

Wengi wetu hapa Kariakoo tukisikia habari za tufani tunadhani ni mambo ya nchi za mbali. Sivyo. Zanzibar ilipigwa na tufani Aprili 1872, mikarafuu ikang'oka. Lindi nako ilifika Aprili 1952. Na Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutahadharisha juu ya kimbunga Hidaya, hata safari za boti za Zanzibar zikasimamishwa. Kilifika Mafia tarehe 4 kikiwa kimekwisha kupungua nguvu, nasi mjini tukanusurika.

Mwezi huu basi tutazame mapaa yetu. Wapo wanaoweka mawe juu ya bati lililolegea, na hapo hatukubaliani nao kabisa. Upepo huingia chini ya upenu ukalinyanyua bati, na lile jiwe huteremka palepale uani watoto wanapochezea. Mwiteni fundi akaze misumari na kuzifunga mbao kwenye kenchi kwa waya. Katika nyumba ya wapangaji sita gharama hii ni ya wote, maana bati la chumba cha jirani likishatoka, upepo umepata njia na lako litafuata. Kaeni pamoja kabla ya masika, na mwenye nyumba aitwe. (Tunajua atasema kodi haitoshi. Aitwe hata hivyo.)

Mnaokaa ghorofani, ondoeni ndoo na vyungu vya maua kwenye roshani. Tanki la maji lijazwe mapema: likiwa tupu upepo hulibeba, na umeme ukikatika pampu hazivuti maji.

Siku yenyewe msiwatume watoto dukani. Mitaa yetu imejaa mabango, maturubai na mirunda ya majengo yanayojengwa. Fungeni madirisha, mkae koridoni mbali na vioo. Waya wa umeme ulioanguka usiguswe, waarifuni TANESCO. Na jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mtoto analilia uji, kwani hewa yake huua bila kunuka.

Tochi, redio ya betri, mkate, maji ya kunywa na vyeti vya watoto viwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Kama yupo bibi mzee chumba cha mwisho, mkubaliane tangu sasa nani atamshika mkono.